Mgema na Tembo Lake

Wazee wetu walisema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii imetumiwa mara nyingi mno hata imekuwa kama sarafu iliyochakaa uso kwa kupita mikononi mwa watu: kila mtu huipokea na kuitoa bila kuitazama. Fundi mwenye jina akitoa kazi duni, twaitoa methali hii mfukoni, twamlipa nayo, kisha twaenda zetu tukiamini kwamba hesabu imekwisha. Katika insha hii nataka tuitazame sarafu hiyo pande zake zote mbili. Nauliza maswali mawili. Mtu aliyesifika kwa kazi njema akitoa kazi mbaya katika miaka yake ya baadaye, kosa lake ni nini hasa? Na sisi tuliomsifu jana, tuna wajibu gani kwake leo?

Mfano wangu nautoa mbali, katika mji wa Birmingham nchini Uingereza, mji uliojulikana kwa viwanda vya chuma. Huko, katika mtaa wa Aston, vijana wanne wa jamaa za wafanyakazi waliunda bendi mwaka 1968, ambayo baadaye iliitwa Black Sabbath. Jina hilo la kutisha walilipata kutoka katika filamu. Walikuwa Tony Iommi, mpiga gitaa. Geezer Butler, mpiga gitaa la besi. Bill Ward, mpiga ngoma. Na Ozzy Osbourne, mwimbaji. Muziki walioutunga ulikuwa mzito, wenye kishindo kama cha mitambo ya mji wao, na watu wengi huwahesabu kuwa miongoni mwa waasisi wa ile roki nzito iitwayo metali. Si kila sikio linaloupenda muziki huo, wala siandiki ili nimshawishi msomaji aupende. Mtu aweza kujifunza uaminifu wa seremala bila kukinunua kiti chake.

Katika hao wanne, nitamtazama Iommi zaidi ya wengine, kwa kuwa ndiye peke yake aliyebaki katika bendi hiyo tangu santuri ya kwanza hata ya mwisho. Alipokuwa na umri wa miaka 17 alifanya kazi katika kiwanda cha mabati. Siku yake ya mwisho kazini, siku ambayo alikuwa aage na kwenda kuufuata muziki, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Yeye hupiga gitaa kwa mkono wa kushoto, hivyo mkono wa kulia ndio unaozibana nyuzi. Kwa mpiga gitaa, msiba huo ni kama wa mwandishi aliyepofuka. Msimamizi wake kiwandani alimletea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa mashuhuri aliyeungua mkono katika moto wa mwaka 1928 hata vidole vyake viwili vikapoteza nguvu, na bado akapiga kwa namna ya kustaajabisha. Kijana akapata moyo. Akayeyusha chupa ya plastiki, akajifanyizia vifuniko vya vidole, akavivika ngozi. Akatafuta nyuzi nyembamba zisizomuumiza. Baadaye akazilegeza nyuzi zake ili zibanike kwa urahisi, na kule kulegeza kukaongeza uzito wa sauti ambao vijana wa nchi nyingi waliuiga. Wahenga walisema kweli kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Santuri yao ya kwanza ilirekodiwa kwa kazi ya siku moja tu mwaka 1969, ikatolewa Februari 1970. Ya pili, Paranoid, ilitolewa mwaka uo huo, ikafika nafasi ya kwanza katika orodha ya mauzo ya Uingereza. Wakaendelea hivyo kwa miaka kadhaa. Mwaka 1979 Osbourne alitolewa katika bendi, na mahali pake pakashikwa na Ronnie James Dio, ambaye kwa sauti yake bendi ilipata uhai mpya katika santuri ya Heaven and Hell ya mwaka 1980. Kisha wakafuata waimbaji wengine, na wapiga ngoma wengine, na wapiga besi wengine, na umaarufu ukapungua kadiri majina yalivyobadilika. Mwezi wa Juni 1995 ikatoka santuri ya kumi na nane. Iliitwa Forbidden.

Santuri hii ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Kaka yangu, anayenizidi kwa miaka mingi, aliipenda bendi hiyo tangu ujana wake. Mimi nilipokuwa mtoto wa shule ya msingi, alizoea kuniketisha kando ya redio yake ya kanda na kunionyesha kwa kidole mahali ambapo gitaa litaingia, kama mtu amwonyeshaye mgeni mpaka wa shamba lake. Siku alipoipata Forbidden alirudi nyumbani kwa furaha. Aliisikiliza mara ya kwanza, akanyamaza. Mara ya pili aliizima kabla haijafika katikati. Akaitia kanda katika kijaluba chake, akasema, “Mgema amelitia maji.” Hakuigusa tena. Kwa kuwa nilimheshimu kaka yangu, niliipokea hukumu yake, na kwa miaka mingi sikuwaza kwamba hukumu hiyo yaweza kukatiwa rufani.

Na kwa kweli, kazi yenyewe ni dhaifu. Sauti ya ngoma ni kavu. Gitaa, ambalo katika santuri za awali lilijaa chumba kama moshi wa kuni mbichi, hapa lasikika kama linapigwa nyuma ya mlango uliofungwa. Nyimbo kadhaa huanza na kwisha pasipo kumwachia msikilizaji kitu cha kubeba. Wahakiki wengi waliilaumu, na Iommi mwenyewe amesema mara kwa mara baadaye kwamba hakuridhika nayo. Basi juu ya ubaya wa kazi hakuna mabishano makubwa. Mabishano yako juu ya sababu yake, na hapo ndipo watu hukimbilia majibu mepesi.

Jibu la kwanza jepesi ni uzee. Watu husema kwamba nguvu za fundi zina msimu, na msimu ukipita heri anyamaze. Lakini Iommi alizaliwa Februari 1948, hivyo mwaka 1995 alikuwa na umri wa miaka 47, umri ambao katika kazi nyingi mtu ndipo aanzapo kuaminiwa. Zaidi ya hayo, mwaka 2013, akiwa na miaka 65 na akitibiwa saratani, alitoa pamoja na Osbourne na Butler santuri iliyoitwa 13, ikafika nafasi ya kwanza Uingereza, jambo ambalo bendi hiyo haikuwa imelipata tangu Paranoid, miaka 43 nyuma. Ikiwa uzee ndio uliomwangusha akiwa na miaka 47, ni nini kilichomwinua akiwa na miaka 65?

Jibu la pili ni haraka. Haraka haraka haina baraka, twaambiwa, na ni kweli mara nyingi. Lakini santuri ya kwanza ya watu hawa ilikuwa kazi ya siku moja, na baraka zake hazijakwisha hata leo. Haraka ya mtu ajuaye atakalo si sawa na haraka ya mtu atakaye amalize. Kwa hiyo saa peke yake haiwezi kuwa shahidi wetu.

Jibu la tatu ni upungufu wa watu: kwamba wale wa asili walikuwa wameondoka na waliobaki hawakutosha. Hili nalo halisimami. Wanamuziki watano walioifanya Forbidden, yaani Iommi, mwimbaji Tony Martin, mpiga besi Neil Murray, mpiga ngoma Cozy Powell na mpiga kinanda Geoff Nicholls, ndio wale wale waliofanya Tyr mwaka 1990, nayo ni kazi ambayo wapenzi wa bendi huitaja kwa heshima. Mikono ilikuwa ile ile. Jembe lilikuwa lile lile. Kwa nini shamba likatoa magugu?

Jibu la nne lina nguvu zaidi, nalo ni mabadiliko. Wasimamizi wa kazi walikuwa wameona kwamba nyakati zimegeuka. Vijana wa miaka ile walikuwa wakisikiliza muziki wa namna nyingine, na muziki wa kufokafoka ulikuwa umetapakaa. Basi akaletwa mtayarishaji wa sauti kutoka Los Angeles, Ernie C, mpiga gitaa wa bendi ya Body Count iliyounganisha roki nzito na mtindo huo wa kufoka. Na Ice-T, mwimbaji wa bendi hiyo, akatia sauti yake katika wimbo wa kwanza. Hao hawakuwa watu duni. Katika fani yao walikuwa hodari. Hata hivyo wengi walisema: mwacha asili ni mtumwa, na bendi hii imeadhibiwa kwa kuacha asili. Lakini tusiende mbio. Bendi hiyo hiyo ilibadilika sana ilipompokea Dio, na mabadiliko yale yakaiokoa. Muziki wao tangu mwanzo ulikopa katika blues ya watu weusi wa Marekani. Kama kukopa na kubadilika kungekuwa dhambi, santuri zao zote zingekuwa na dhambi. Hapana budi tuchimbe chini zaidi.

Nakiri kwamba nisingeweza kuchimba zaidi kama jambo lenyewe lisingalinipata mimi. Mimi ni mwalimu katika chuo cha ualimu, na kwa miaka kadhaa nimefundisha uandishi wa insha. Namna yangu ni ya kizamani. Naandika methali moja ubaoni, naketi, nanyamaza. Wanachuo hubishana juu yake kwa saa nzima, na mimi huingia tu pale mtu anaposema neno asiloweza kulitetea. Kisha huandika. Si namna ya kupendeza. Kimya changu huwachosha wengine, na insha zao huzirudisha zikiwa zimejaa wino mwekundu. Lakini mwisho wa mwaka huwa wanaandika.

Miaka mitatu iliyopita alikuja chuoni mwalimu kijana, mchangamfu, ambaye vipindi vyake vilijaa picha na vichekesho, na wanachuo walimpenda kwa haki, kwa kuwa alifundisha vema kwa namna yake. Nikaanza kusikia minong'ono kwamba vipindi vyangu ni vizito. Mtu mmoja niliyemheshimu akanishauri nami niende na wakati. Sikumjibu, wala sikuupima ushauri wake. Niliogopa tu. Muhula uliofuata niliacha kimya changu, nikaja darasani na picha nilizoazima na vichekesho nilivyovikariri usiku. Darasa likacheka. Nilitoka kila siku nikiwa mchovu na mwenye furaha, nikajiambia kwamba nimezaliwa upya.

Siku ya kufunga chuo mwanachuo mmoja, binti mpole asiyesema sana, alinifuata hadi kwenye mlango wa ofisi. Akasema, “Mwalimu, naomba radhi kwa nitakalosema. Muhula huu tumecheka sana, lakini hatukuandika. Tulikuwa tukikungoja wewe uje.” Akaaga, akaenda.

Nilikasirika kwa muda wa siku mbili. Siku ya tatu nilizitoa insha za muhula ule, nikazisoma upya, nikaona kwamba binti yule amesema kweli. Zilikuwa insha zisizo na mfupa. Ndipo nilipoikumbuka kanda ya kaka yangu, na kwa mara ya kwanza nikaishuku methali yake. Maana mimi sikuwa mgema aliyesifiwa. Nililitia tembo maji kwa sababu niliona wanywaji wamehamia kwa mgema mwingine, nikaacha kuuamini ulimi wangu mwenyewe, nikataka niutumie ulimi wake.

Hapo ndipo nilipo leo katika fikira hii. Methali yasema kweli, lakini yasema nusu. Iko kazi inayoharibika kwa majivuno: fundi husifiwa hata akadhani kwamba chochote akiguse hugeuka kuwa chema. Lakini iko kazi nyingine, nayo huenda ikawa nyingi zaidi, inayoharibika kwa hofu: fundi hukosa sifa alizozizoea, akashuku kipimo chake, akamkabidhi mtu mwingine sikio lake. Makosa haya mawili hufanana kwa nje, kwa kuwa yote mawili hutoa tembo chapwa. Kwa ndani yanapingana. Mwenye majivuno husikia sauti yake tu. Mwenye hofu husikia za wote isipokuwa yake. Sidai kuujua moyo wa Iommi wa mwaka 1995. Nasema tu kwamba, nikiisikiliza kazi ile, sisikii kiburi ndani yake. Nasikia mtu aliyesogea kando katika nyumba yake mwenyewe.

Tazama tofauti. Alipokatwa vidole akiwa kijana, hakuomba vidole vya mtu. Alijifanyizia vifuniko, akatafuta nyuzi zilizomfaa, na ule upungufu wake ukawa chanzo cha sauti yake. Mwaka 1995 vidole vilikuwa vimezoea kazi, nyuzi zilikuwapo, wenzake walikuwapo. Kilichoazimwa ni kipimo cha kuamulia lipi jema na lipi baya. Chombo chaweza kuazimwa. Hata wimbo waweza kuazimwa. Hukumu haiazimiki, kwa kuwa hukumu ya mtu ndiyo yeye mwenyewe.

Msomaji ataniuliza: Je, basi mtu asipokee shauri? La, hasha. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini iko tofauti kati ya kupokea shauri na kujisalimisha, na tofauti hiyo si katika wingi wa mambo uliyoyapokea, bali katika njia yalikopitia. Shauri hupita mlangoni: hubisha hodi, ukalikaribisha, ukalitazama, ukalipa kiti ama ukaliaga. Kujisalimisha ni kuhama nyumba na kumwachia mgeni ufunguo. Iommi alipompokea Dio mwaka 1979 alipata mgeni akabaki mwenyeji. Mimi nilipoazima vichekesho vya mwenzangu nilihama. Laiti ningalimwuliza kijana yule, “Kwa nini picha hii hapa? Yafundisha nini?” huenda ningalijifunza kwake jambo moja la kweli, nikalitia katika kimya changu, na vipindi vyangu vikapata nafuu. Sikuuliza. Niliiga. Kuuliza ni kazi ya mwanafunzi. Kuiga bila kuuliza ni kazi ya kivuli.

Sasa nageukia swali la pili, la wajibu wetu sisi wasikilizaji. Naona kwamba twakosa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kusifu kisichostahili kwa ajili ya mapenzi. Wako watu waliompenda fundi kiasi cha kumdanganya. Husema, “Kazi njema kama zote,” nao wajua si kweli. Hao hudhani wanamheshimu, kumbe wanamwambia kwamba kazi zake zote kwao ni mamoja, na kwamba sifa walizompa kwa zile njema hazikuwa na uzito wowote. Sifa isiyoweza kukataliwa haina thamani ya kupokewa. Kama binti yule angaliniambia kwamba muhula ulikuwa mzuri, angalinipendeza, na mimi hata leo ningalikuwa nikikariri vichekesho usiku.

Njia ya pili ni kufuta yote kwa ajili ya moja. Kaka yangu hakuikataa Forbidden tu. Tangu siku ile alisema, “Hawa wamekwisha,” akaacha kuwafuatilia. Fundi ametulisha kwa miaka 25, siku moja chakula kikaungua, twaondoka mezani tukilaani jiko. Hii nayo si haki. Hukumu juu ya kazi hutolewa kazi inapokwisha. Hukumu juu ya mtu haifai kutolewa mtu angali anafanya kazi. Mtu aliyesema mwaka 1995 kwamba kazi ile ni mbaya alisema kweli. Aliyesema kwamba mtu yule amekwisha alisema jambo ambalo hakuwa na njia ya kulijua, na miaka iliyofuata ikamwonyesha kwamba si kweli.

Kati ya njia hizo mbili iko ya tatu, aliyoipita mwanachuo wangu. Aliniheshimu, kwa hiyo aliomba radhi kwanza. Alisema kweli, bila kuipaka sukari. Na neno lake la mwisho halikuwa “umekwisha,” bali “tulikuwa tukikungoja.” Ndani ya maneno yale mlikuwa na lawama na imani pamoja. Nadhani hilo ndilo deni la msikilizaji kwa fundi aliyemfaa: kumwambia kwamba kazi hii si yake, na kumngoja arudi katika iliyo yake.

Je, fundi naye afanye nini akigundua kosa? Hapa tena mfano wetu watufaa. Iommi hakuificha santuri ile wala hakuisingizia. Miaka ilipita. Bendi ya asili ilikutana tena mwaka 1997. Cozy Powell alifariki katika ajali ya gari mwaka 1998, na Geoff Nicholls akafariki mwaka 2017. Kisha Iommi akarudi katika kanda zile za zamani, akazichanganya sauti upya kwa sikio lake mwenyewe, na kazi hiyo ikatolewa Mei 2024 pamoja na santuri nyingine tatu za miaka ile. Nimeisikiliza. Nyimbo ni zile zile, na zile dhaifu zimebaki dhaifu; hakuna mchanganyo uwezao kuutia mfupa wimbo usio nao. Lakini gitaa limetoka nyuma ya mlango, na ngoma za Powell zapiga kwa kifua.

Watu wengine waliuliza faida ya kuifufua maiti ya miaka 29. Mimi naona faida kubwa. Fundi anapoacha kipimo chake, hajidhulumu peke yake. Huwadhulumu walioshika kazi pamoja naye, ambao jasho lao huzikwa katika kosa lake. Powell alipiga ngoma zile kwa mikono yake, na kwa miaka mingi watu walizihukumu bila kuzisikia ilivyopasa. Kuzichanganya upya ni kumlipa marehemu haki yake. Nami nilipozisoma upya zile insha zisizo na mfupa, niliona kwamba nimewadhulumu vijana thelathini muhula mzima, ambao watakwenda kufundisha watoto wengine kuandika. Nikawaita walipofungua chuo, nikawaambia kosa langu waziwazi, nikawaomba tuanze tena. Nikaandika methali ubaoni, nikaketi, nikanyamaza. Nilikuwa nimeandika ile ya mgema. Walibishana saa nzima, na aliyesema mwisho alikuwa binti yule.

Tarehe 5 Julai 2025 wale wanne wa asili, wazee sasa, walipiga kwa mara ya mwisho katika uwanja wa Villa Park, pale pale Aston walikokulia. Osbourne aliimba ameketi, kwa kuwa miguu haikumchukua tena. Siku 17 baadaye, tarehe 22 Julai, alifariki. Nilimpigia kaka yangu simu. Tukazungumza sana juu ya kanda zake za zamani, na kabla hatujaagana nikamwuliza kama angependa kuisikiliza tena ile aliyoizima. Alicheka kidogo, akanyamaza, kisha akasema, “Niletee ukija likizo.” Nimemwekea.

Nanyi vijana mtakaoisoma insha hii, huenda wengi wenu hamtapiga gitaa wala hamtafundisha. Lakini kila mmoja atakuwa mgema wa kitu fulani, na kila mmoja atakunywa tembo la wengine. Mkisifiwa, lionjeni tembo lenu kabla ya kuliuza. Msiposifiwa, lionjeni vile vile, tena kwa makini zaidi, maana siku hiyo ndiyo maji huwa karibu sana na mkono.